Uzi: Magurudumu ya mashindano ya vilima, anza na mteremko ndipo upime gramu

Mpanda_Vilima (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Msimu wa mashindano ukikaribia, swali huwa ni lile lile: "Nataka magurudumu mepesi ya kupandia milima, nichukue yapi?" Majibu nayo ni yale yale. Mmoja anataja gramu 1,400, wa pili 1,300, wa tatu anatupia 1,150 na picha ya mzani, mjadala unafungwa. Leo naomba tuanzie upande wa pili wa mlima. Kwenye barabara ya vilima, gurudumu linalokufaa ni lile unaloliamini ukiwa kilomita 70 kwa saa, mbele yako kona ambayo mwisho wake hauonekani. Mengine yanapangwa baada ya hapo.

Tumalize kwanza hesabu ya uzito, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 80. Kapunguza gramu 300 kwenye magurudumu, na hizo si kidogo. Ni chini ya asilimia 0.4 ya mzigo anaoupandisha. Mlima wa dakika 30, kwa nguvu ile ile, ataokoa sekunde sita hivi. Sekunde sita zina thamani, kuna watu wanapoteza ushindi kwa chini ya hapo. Ila ukizipata juu halafu ukashuka umeng'ang'ania breki kwa sababu gurudumu hulielewi, utazirudisha kwenye kona mbili tu.

Najua kuna atakayesema uzito wa ringi unazunguka, kwa hiyo uhesabiwe mara mbili. Kweli, lakini ni wakati wa kuongeza kasi tu. Kutoka kilomita 30 hadi 40 kwa saa, gramu 300 za kwenye ringi zinadai jouli 16 hivi, hapo nimeshazihesabu mara mbili. Wewe na baiskeli yako mnadai zaidi ya jouli 2,100. Na ukipanda kwa mwendo usiobadilika, kule kuzunguka hakudai kitu.

Sasa joto. Hapa ndipo pana mambo.

Mtu huyo huyo wa kilo 80 akishuka mita 500 za wima, nishati anayotakiwa kuimaliza njiani ni jouli 392,000 hivi. Ingetosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji ya kawaida. Itaenda wapi? Sehemu inaliwa na hewa, kidogo na matairi, inayobaki yote inaingia kwenye breki. Kadiri unavyoshuka taratibu huku umeshikilia breki, ndivyo hewa inavyokusaidia kidogo na breki zinavyobeba zaidi kwa kila mita unayoshuka. Kwenye mteremko wa asilimia 8, mtu anayejizuia asivuke kilomita 32 kwa saa anaziingizia breki zake wati 370 hivi bila kukoma. Mwoga wa mteremko ndiye anayepika breki, si yule anayeachia, akakaa wima kifua kikapokea hewa, kisha akafunga kwa nguvu kabla ya kona na kuachia tena.

Kama breki zako zinabana ringi, joto hilo linaingia kwenye ringi, pale pale tairi lilipokaa. Kama ni za diski, linabaki kwenye diski na pedi zake, ringi haijui lolote. Kwa hiyo swali la kwanza la kununua magurudumu ya milimani ni: breki zako zinabana wapi?

Kwa mpangilio wangu, breki zinatangulia. Halafu tairi na ringi kuoana, halafu kina cha ringi (urefu wa ukuta wake kutoka kwenye tairi kuelekea katikati) na upepo, halafu ujenzi wa spoku. Gramu mwisho. Karibuni mnipinge.

Gia_Ndogo

Nimekaa siti ya mbele. Endeleeni.

Mshambulizi

Mleta mada, hesabu zako ni nzuri ila mashindano hayaendeshwi kwa mwendo usiobadilika. Kwenye vilima vifupi kundi linavutana, mtu anachomoka, unamfuata, mnatulia, anachomoka tena. Huo mchezo ukirudiwa kutwa nzima, ringi nyepesi unaisikia kwenye miguu. Wazee wa milima miaka yote walitumia ringi fupi na nyepesi. Walikuwa hawajui?

Mpanda_Vilima

Mkuu Mshambulizi, walikuwa wanajua sana, kwa vifaa vya wakati wao. Hizo jouli 16 zizidishe kwa mashambulizi mia, unapata 1,600. Mtu anayesukuma wati 250 anazitoa kwa sekunde sita na nusu. Hiyo ndiyo bei yote ya kutwa nzima. Kusikia kwenye miguu sikukatalii, gurudumu jepesi lina utamu wake ukisimama kwenye pedali, na mtu mwenye raha hushambulia vizuri.

Ila angalia kilichobadilika. UCI, chama cha baiskeli cha dunia, iliweka uzito wa chini wa baiskeli kuwa kilo 6.8 tangu mwaka 2000. Watengenezaji walipoufikia, kupunguza zaidi kukakosa faida kwa watu wa kulipwa, nafasi ikabaki kwa hewa. Ndiyo maana siku hizi unawaona wanapanda milima ya Tour de France na ringi za kina cha milimita 45 au 50. Nguvu ya kushinda hewa inapanda kwa mchemraba wa kasi, kwa hiyo ringi yenye kina inalipa kwenye tambarare kati ya kilima na kilima, na kwenye mteremko. Mlima wa asilimia 9 unaoendeshwa kilomita 14 kwa saa, hapo kweli haikusaidii, na ukiwa peke yako kwenye mashindano yanayoishia kileleni, chukua nyepesi tu, sina ugomvi.

Kilo92

Wakuu, mimi jina linajieleza. Nikiuliza magurudumu naambiwa "haya yana spoku 20 mbele na 20 nyuma, yanatosha". Yanamtosha nani? Na huwa nashuka haraka kuliko wenzangu wote, neema ndogo ya kilo.

Fundi_Spoku

Kilo92, karibu kwangu.

Kwanza tafuta kikomo cha uzito alichoandika mtengenezaji, na usome kwa makini: kuna wanaoandika uzito wa mwendeshaji, kuna wanaoandika mwendeshaji pamoja na baiskeli. Kama ni jumla, basi wewe na baiskeli, maji, nguo na kofia umeshavuka kilo 100. Seti nyingi nyepesi za mashindano hapo zinakukataa, na si kwa kukuonea.

Kwa uzito wako mimi ningefunga spoku 24 mbele na 24 nyuma, au 28 nyuma kama ringi inaruhusu. Gramu zinazoongezeka ni chache sana. Unachopata ni gurudumu ambalo spoku moja ikikatika katikati ya mteremko, ringi haiyumbi kiasi cha kugusa fremu. Na kwa baiskeli ya diski, spoku lazima zipishane pande zote mbili, maana nguvu ya breki inatoka kwenye habu (kitovu cha gurudumu) kwenda kwenye ringi kupitia spoku. Zile zilizonyooka kama miale, upande wa diski hazina kazi.

Halafu watu wanauliza gramu na hawaulizi mkazo. Gurudumu la bei kubwa lililofungwa ovyo ni baya kuliko la kawaida lililofungwa na mtu mwenye subira. Upande wa cheni, nyuma, spoku zinakazwa zaidi kuliko upande wa pili, hilo halikwepeki kwa sababu ya mahali gia zilipokaa. Lakini ndani ya upande mmoja mkazo ufanane. Zigonge moja moja kwa kucha ukizungusha gurudumu: sauti ziwe zinakaribiana. Ukikuta moja inalia "dup" katikati ya zinazolia "ting", hiyo imelegea, na jirani zake ndizo zinazobeba mzigo wake. Fanya hivyo siku ya kununua, rudia baada ya safari za mwanzo, maana gurudumu jipya hujikalia na mkazo ukashuka.

Jambo dogo, ila litakuokoa siku ya safari: pendelea ringi ambayo nati za spoku ziko nje. Zilizofichwa ndani ya ringi zinapunguza msuguano wa hewa kiduchu, na kila ukitaka kunyoosha gurudumu lazima uvue tairi na utepe. Habu sina maneno nayo, chukua ambayo beringi zake zinapatikana kirahisi, basi.

Kilo92

Fundi, nashukuru sana. Na diski?

Fundi_Spoku

Milimita 160 mbele na nyuma, kama fremu na uma (unaoshika gurudumu la mbele) vinaruhusu. Wepesi wanaweka 140 nyuma, wewe usiige. Diski kubwa ina nafasi zaidi ya kupokea joto na kulitoa. Pedi mpya usiende nazo mashindanoni kabla ya kuzilainisha: tafuta mteremko mpole, punguza kutoka kasi ya kutosha hadi karibu kusimama, achia, rudia mara nyingi, bila kufunga gurudumu. Usipofanya hivyo zinang'aa kama kioo, zinapiga kelele na hazishiki. Na ukinusa harufu ya kuungua au lever (mkono wa breki) ikaanza kuingia ndani kuliko kawaida, simama kando upoe. Diski usiiguse kwa kidole kuhakikisha, utahakikishiwa.

Breki_za_Kale

Mimi bado natumia breki za kubana ringi na sioni haya. Naona ringi za kaboni za mitumba zinauzwa kwa unafuu kwa sababu watu wanahamia diski. Nichukue?

Mpanda_Vilima

Kwa milima mirefu, hapana. Chukua alumini.

Kaboni ni nyuzi zilizoshikwa na gundi ngumu, na gundi hiyo ina kiwango cha joto ambacho ikikivuka inaanza kulainika. Alumini inasambaza joto haraka. Kaboni inalikusanya pale pale pedi inapobana. Ukishuka mteremko mrefu umeshikilia breki, ukuta wa ringi unaweza kuvimba huku tairi lenye upepo linausukuma kutoka ndani. Ringi za kaboni zilizotengenezwa vizuri zinastahimili mengi, lakini za mitumba hujui zilishapikwa mara ngapi na nani. Na mvua ikinyesha, kaboni laini inachelewa kushika, unabana na hakuna kinachotokea kwa mizunguko kadhaa, halafu inashika ghafla.

Kama unazo tayari na utaendelea nazo, tumia pedi za kaboni alizotaja mtengenezaji, na usihamishe pedi zilizokuwa kwenye ringi za alumini, zinabeba vipande vya alumini vinavyokwangua ukuta. Tyubu za lateksi usiziweke humo. Za TPU (plastiki nyembamba) nazo, soma maelekezo, kuna watengenezaji wanaozikataza kwa breki za ringi.

Alumini nayo inaisha. Ringi nyingi zina kitone au mfereji mdogo kwenye sehemu ya kubana. Ukifutika, ringi imekwisha hata kama inazunguka sawasawa. Kama haina alama, weka rula wima kwenye ukuta: ukiona ukuta umebonyea katikati, mwanga unapita chini ya rula, anza kuulizia ringi mpya. Hilo halina "nitamalizia msimu huu".

Mshambulizi

Kwenye joto na tairi, wazee wanamkumbuka Beloki. Tour de France 2003, wanashuka kuelekea mji wa Gap, lami imeyeyuka kwa jua, gurudumu la nyuma likakosa mshiko, tairi la kubandikwa kwa gundi likachomoka kwenye ringi, Joseba Beloki akaenda chini na kuvunjika paja. Lance Armstrong aliyekuwa nyuma yake akakatisha shambani ili asimgonge.

Mpanda_Vilima

Ndiyo mfano wenyewe. Pale alianguka mtu aliyekuwa wa pili kwenye msimamo, na hakuna aliyeuliza magurudumu yake yalikuwa gramu ngapi.

Dada_Pedali

Naomba kuuliza kuhusu ringi zisizo na ndoano, zile ambazo ukingo wa ndani umenyooka tu. Duka linasema ni za kisasa na nyepesi. Rafiki yangu anasema ni kifo. Nimsikilize nani?

Mpanda_Vilima

Dada, wote wawili wametia chumvi.

Ringi ya kawaida ina ndoano ndogo ukingoni inayokamata mguu wa tairi (ukingo wake mgumu). Zisizo na ndoano ni rahisi kuzitengeneza kwa kaboni na zinaweza kuwa imara dhidi ya kugongwa na mashimo. Lakini tairi linashikiliwa na ukubwa sahihi wa mguu wake tu, kwa hiyo huna nafasi ya kubahatisha. Kikomo cha upepo ni bar 5, yaani PSI 72 na ushee. Tairi liwe la tubeless (lisilohitaji tyubu) na liwe kwenye orodha ya aliyetengeneza ringi. Na upana uendane: kwa ringi yenye upana wa ndani milimita 25, kiwango cha sasa kinataka tairi lisilopungua milimita 29.

Februari 2024, kwenye UAE Tour, tairi la mwendeshaji Thomas De Gendt lilichomoka kwenye ringi ya aina hiyo akaanguka. Maelezo yalitofautiana kuhusu alichogonga, lakini Adam Hansen, rais wa chama cha waendeshaji CPA, alisimama hadharani kupinga ringi hizo, na UCI ikasema italiangalia suala hilo.

Maoni yangu: kama wewe ni mwepesi, unatumia tairi la milimita 30 na una pampu yenye geji unayoiamini, zitakufaa. Kama unapenda kujaza "mpaka liwe gumu", au huwa unaazima tairi lolote lililopo asubuhi ya mashindano, chukua zenye ndoano. Tofauti ya gramu haitoshi kunishawishi mimi.

Dada_Pedali

Mimi ni wa kuazima. Zenye ndoano basi.

Na upepo wa tairi niweke ngapi? Nina kilo 58, tairi 28.

Fundi_Spoku

Mtu wa kilo 70 na tairi la 28 huwa anaanzia bar 4.5 hadi 5. Wewe anza na 4 hivi, mbele pungufu kidogo ya nyuma, halafu sikiliza. Ukigonga shimo ukasikia ringi, ongeza kidogo. Baiskeli ikiruka-ruka kwenye kona yenye mikwaruzo, punguza. Mvua ikinyesha, punguza kidogo zaidi.

Na kabla hujanunua ringi, lipime tairi kwa kaliba (kipimo cha upana) likiwa limejazwa. Lililoandikwa 28 likikaa kwenye ringi pana linaweza kusoma 30. Kuna kanuni ya 105 iliyotoka kwa mhandisi Josh Poertner enzi zake akiwa kampuni ya magurudumu ya Zipp: upana wa nje wa ringi uwe angalau asilimia 105 ya upana halisi wa tairi, ndipo hewa ipite vizuri. Tairi la 28.5, ringi 30. Lakini ukilazimika kuchagua kati ya kanuni hiyo na tairi pana lenye mshiko, milimani chukua tairi.

Mwepesi_wa_Upepo

Mimi shida yangu ni upepo wa pembeni. Nina ringi za milimita 60, tambarare ni furaha, mteremkoni usukani unapokonywa hasa nikitoka nyuma ya ukuta wa mwamba. Nina kilo 61.

Mpanda_Vilima

Kwa kilo zako, 60 mbele ni nyingi kwa milima. Kinachokusumbua ni gurudumu la mbele peke yake: ndilo linalogeuka, upepo ukilipiga unageuza usukani. La nyuma limefungwa kwenye fremu na limebeba uzito wako mwingi, linakusukuma pembeni kidogo basi. Weka 35 hadi 40 mbele, hiyo 60 ibaki nyuma kama huna nyingine, ingawa 45 au 50 ingekuwa bora. Kuchanganya hakuna ubaya wowote, wengi wanafanya. Umbo nalo lina neno: ringi nene yenye tumbo la mviringo hutulia kuliko ile nyembamba yenye ncha kali, hata kina kikiwa sawa.

Ila tenganisha mambo mawili. Upepo unasukuma na kuachia. Kama usukani unatetemeka haraka haraka hata siku isiyo na upepo, hilo ni jingine: angalia uma usiwe umelegea kwenye kichwa cha fremu, angalia mkazo wa spoku, angalia tairi limekaa sawa. Likikukuta ukiwa kasi, bana bomba la juu kwa magoti, legeza mikono bila kuachia, kisha breki ya nyuma polepole. Kukakamaa mikono kunaongeza mtetemeko.

Gia_Ndogo

Nimetoka siti ya mbele. Nina diski, kilo 68, mashindano ya vilima vifupi na viwili virefu. Nitajie kitu kimoja, nimechoka kusoma.

Mpanda_Vilima

Ringi za kaboni zenye ndoano, kina 40 mbele na 45 au 50 nyuma, upana wa ndani 21 hadi 23, spoku 24 na 24, tairi 28 au 30 la tubeless. Seti ikiwa gramu 1,400 au 1,500, usiumie. Pesa inayobaki nunua matairi mazuri na pedi za akiba.

Mshambulizi

1,500? Hapana. 1,350 tukubaliane.

Mpanda_Vilima

Kama ni za spoku 24 na kikomo cha uzito kinamruhusu, 1,350 nakupa.

Gia_Ndogo

Na sheria? Kuna mwenzangu alizuiwa mstarini kwa sababu ya magurudumu.

Fundi_Spoku

Kama mashindano yanafuata kanuni za UCI, magurudumu yenye ringi ya kina lazima yawe kwenye orodha yao ya yaliyoidhinishwa, iko wazi mtandaoni, tafuta jina la modeli kamili kama lilivyoandikwa, si linalofanana. Kuanzia 2026 kina kisizidi milimita 65 kwenye mashindano ya kuondoka kwa pamoja, ambayo kwa vilima haikugusi. Diski zenyewe zilishakubaliwa rasmi Julai 2018, hakuna wa kukusumbua. Ukinunua zisizo na jina, zile zinazouzwa bila nembo, uliza hilo la orodha kabla ya kulipa, na uombe kikomo cha uzito kwa maandishi. Muuzaji akikujibu "usijali, ni imara", usinunue.